Mafuta ya Krete, Chumvi ya Nairobi

Novemba 2010, kamati ya UNESCO ya turathi zisizoshikika ilikaa Nairobi, na katika kikao hicho ikauingiza mlo wa watu wa Mediterania kwenye orodha ya turathi za binadamu. Maombi yaliletwa kwa pamoja na nchi nne, Hispania, Ugiriki, Italia na Moroko, na kila moja ilitaja jamii yake ya mfano: Soria, Koroni, Cilento na Chefchaouen. Kilichoorodheshwa ni utamaduni, yaani namna ya kulima, kuvuna, kuvua, kupika na kula pamoja. Lakini kama si watafiti wa moyo, mikate mikavu, maharage na mboga za porini za wakulima wa Krete, kisiwa cha Ugiriki, zisingepewa heshima hiyo. Sifa za mlo huu zilianzia maabara, zikapita hospitali, ndipo zikafika kwenye meza ya utamaduni.

Sifa hizo aghalabu huhusu mshtuko wa moyo. Swali juu ya ugonjwa wa pili, moyo kushindwa kufanya kazi, liliulizwa baadaye sana, na jibu lake halijanyooka vilevile. Wengi huyachanganya magonjwa haya mawili. Mshtuko wa moyo ni tukio: mshipa unaolisha msuli wa moyo unaziba ghafla na sehemu ya msuli inakufa. Moyo kushindwa ni hali inayojijenga polepole. Pampu inaendelea kupiga, ila ama msuli umelegea hausukumi damu ya kutosha, ama umekakamaa haujai vizuri kabla ya kusukuma. Maji yanajikusanya mapafuni na miguuni. Mgonjwa anavimba vifundo, anapanda ngazi chache akihema, na usiku anaongeza mto wa pili na wa tatu ili apate pumzi. Njia za kufika huko ni nyingi, na mbili ndizo zinazopitiwa zaidi: mishipa ya moyo iliyoziba, na presha iliyokaa juu miaka mingi bila kutibiwa. Utafiti wa chakula na moyo nao ulipita njia mbili, moja ya mafuta na nyingine ya chumvi, na kwa miongo mingi waliopita huku hawakuonana na waliopita kule.

Njia ya chumvi tuanze nayo, maana haisimuliwi sana. Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Waganga wa Ulaya waliujua kama ugonjwa wa kuvimba maji. Mwaka 1785 daktari William Withering wa Birmingham, Uingereza, alichapisha kitabu juu ya mmea unaotoa dawa ya digitalis, baada ya kuchunguza tiba ya siri ya mitishamba ya bibi mmoja wa Shropshire aliyekuwa akiwaponya watu waliovimba. Dawa ilipatikana, lakini juu ya chakula hapakuwa na la kusema. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1939, Walter Kempner, daktari Mjerumani aliyewakimbia Wanazi na kupata kazi Chuo Kikuu cha Duke mjini Durham, North Carolina, alianza kuwalisha wagonjwa wa figo na presha kali wali mtupu, matunda, juisi na sukari. Mlo huo ulichosha kupita kiasi. Lakini picha za eksirei zilionyesha mioyo iliyotanuka ikirudi kuwa midogo, na wagonjwa ambao wenzake walishawakatia tamaa walitembea tena. Kempner mwenyewe alikuwa akiwaza kuzipunguzia figo mzigo. Waliokuja baada yake waliona kwamba siri kubwa ilikuwa ukosefu wa chumvi.

Miaka 10 kabla ya Kempner, jarida la tiba la Lancet lilikuwa limechapisha makala fupi kutoka Kenya. Mwandishi wake, C. P. Donnison, alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni katika Kavirondo ya Kusini, upande wa magharibi wa nchi. Alipima presha ya wanaume 1,000 wenye afya, na akapitia wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake. Hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba Ulaya presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka, ilhali kwa wanaume hawa, wakishavuka miaka 40, ilishuka. Makala hiyo ni ya 1929. Nitairudia, maana tangu hapo mambo yamegeuka.

Njia ya mafuta ina shujaa wake, na ni shujaa mwenye mdomo. Ancel Keys hakuwa daktari wa wagonjwa bali mwanafiziolojia, mzaliwa wa Colorado Springs mwaka 1904 aliyekulia Berkeley, California. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alibuni mgao wa chakula wa mfukoni wa askari wa Marekani, na mwaka 1944 akaanza jaribio ambalo vijana 36 waliokataa kushika silaha walikubali kushindishwa njaa kwa miezi, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu wa Ulaya iliyoteketea. Maabara yake ilikuwa chini ya viti vya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Vita vilipokwisha, swali lake likageuka. Kwa nini wafanyabiashara wa Minnesota, watu walioshiba kuliko karibu wote duniani, walikuwa wakianguka na kufa kwa mshtuko wa moyo wakiwa na miaka 50?

Mwaka 1951 Keys alikwenda Oxford kwa likizo ya utafiti. Katika mkutano wa FAO mjini Roma mwaka huohuo, profesa Gino Bergami wa Napoli alimwambia kwamba mjini kwake mshtuko wa moyo si tatizo. Keys hakuliamini neno hilo, lakini nyumba ya Oxford ilikuwa ya baridi na chakula cha Uingereza bado kilikuwa cha mgao. Mapema 1952 yeye na mkewe Margaret walipakia vifaa vya kupimia damu kwenye gari dogo, wakavuka milima yenye theluji mpaka kusini mwa Italia. Historia humtaja Keys peke yake, na hiyo si haki: aliyekaa na mirija na kupima lehemu ya damu, sampuli baada ya sampuli, alikuwa Margaret, aliyekuwa mwanabiokemia kwa taaluma.

Damu ilitoka kwa wazima moto na wafanyakazi wengine wa mji wenye mishahara midogo. Chakula chao kilikuwa tambi, mkate, maharage, mboga za majani, matunda, na nyama mara chache kwa wiki. Lehemu yao ilikuwa chini. Walipopima watu wenye nafasi, waliokula nyama kila siku, waliikuta juu kama ya Minnesota. Na wagonjwa wachache wa mshtuko wa moyo waliokuwepo Napoli walilazwa katika hospitali za kulipia, si zile za umma. Kwa Keys hilo lilitosha kuamini kwamba ugonjwa huu unakuja na sinia.

Krete ilikuwa imeshachunguzwa kabla yake. Mwaka 1948 serikali ya Ugiriki, nchi yake ikiwa hoi kwa vita, iliialika Rockefeller Foundation ya Marekani ichunguze jinsi ya kuwainua watu wa kisiwa hicho. Leland Allbaugh na wenzake walichagua kaya moja katika kila kaya 150, wakaandika kila kitu: mashamba, mifugo, vyoo, na kila kilichoingia chunguni. Kitabu chao kilitoka mwaka 1953. Walikuta mkate, zeituni, maharage na dengu, mboga za porini, matunda, nyama na samaki kidogo, na mafuta ya zeituni mengi mno hata wageni wakaona chakula kinaogelea ndani yake. Wakretani wenyewe hawakukisifu. Walipoulizwa wangependa kuongezewa nini, walio wengi walitaja nyama. Mlo unaouzwa leo kwa bei ya juu kwenye migahawa ya London na Dubai ulikuwa, kwa walioula, dalili ya umaskini waliotamani kuutoroka, na watoto na wajukuu wao wameutoroka kweli. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinawaweka watoto wa Ugiriki, Italia na Hispania miongoni mwa wanene zaidi Ulaya.

Keys na wenzake walianza utafiti wao mkubwa mwaka 1958. Walifuatilia wanaume 12,763 wa miaka 40 hadi 59, makundi 16 katika nchi saba: Marekani, Ufini, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Wanawake hawakuhusishwa, kwa hoja kwamba mshtuko wa moyo ulikuwa nadra kwao katika umri huo. Wakata miti wa mashariki mwa Ufini, wanaume wenye misuli kama chuma na siagi juu ya kila kitu, ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wakretani ndio waliokufa kidogo kuliko wote. Hapo nadharia ya Keys ilikwama kidogo, kwani Wakretani walipata takriban asilimia 40 ya nguvu ya chakula chao kutoka kwenye mafuta, kiasi kisichopungua cha Wamarekani. Basi tatizo halikuwa wingi wa mafuta. Lilikuwa aina: mafuta ya wanyama yanayoganda upande mmoja, mafuta ya zeituni upande wa pili.

Wapinzani walikuwepo tangu mwanzo, na baadhi walikuwa na haki. Mwaka 1957 mwanatakwimu Yerushalmy na mwenzake Hilleboe walionyesha kwamba mchoro wa Keys wa 1953 ulikuwa na nchi sita tu, ilhali takwimu zilipatikana kwa nchi 22, na zote zikiwekwa pamoja mstari wake ulionyooka unalegea. Nchi saba za utafiti mkubwa nazo hazikuchaguliwa kwa kura. Zilichaguliwa kwa sababu palikuwa na marafiki, fedha na njia. Ufaransa, yenye siagi nyingi na mishtuko michache, haikuwemo. Tena Wakristo wa Orthodoksi wa Krete hufunga siku nyingi kwa mwaka, wakiacha nyama na maziwa, na mtu akipima chakula chao wakati wa Kwaresima atapata picha ya Kwaresima.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na neno la kusema. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones, waliokuwa Kampala, waliandika katika Lancet kwamba Waafrika wa Uganda, walaji wa matoke na viazi, walikuwa na lehemu ya chini na karibu hawakuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo, huku jirani zao wenye asili ya Asia, katika mji uleule, wakiwa na lehemu ya juu na mishtuko mingi. Hilo liliungana na Napoli vizuri. Lakini mwaka 1964 George Mann na wenzake walirudi kutoka Umasaini, Tanganyika, na matokeo ya wanaume wapatao 400 waliokula maziwa na nyama, mafuta ya wanyama tele, na bado lehemu yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo ni adimu. Kila aliyetaka kuilinda nadharia alitafuta sababu: kutembea, umri, damu yenyewe. Mimi naona somo ni dogo na la wazi zaidi. Mtu halishwi na mafuta peke yake, na mlo hauwezi kung'olewa kwenye maisha ya mlaji kisha ukahukumiwa pembeni.

Kuwatazama watu wanavyokula na kuhesabu wanavyokufa hakuthibitishi kitu kikamilifu. Inabidi kuchukua watu, kuwagawa kwa kura, kuwapa hawa mlo huu na wale mlo ule, na kungoja. Wafaransa Serge Renaud na Michel de Lorgeril walifanya hivyo Lyon kuanzia mwaka 1988, kwa wagonjwa 605 waliokwisha kupata mshtuko wa kwanza. Kundi moja lilipewa ushauri wa kawaida, kundi jingine mlo wa Kikrete, na badala ya mafuta ya zeituni, ambayo Wafaransa wa Lyon hawakuyazoea juu ya mkate, walipewa majarini maalumu ya mafuta ya mimea. Matokeo ya 1994 yalikuwa makubwa kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda: vifo 20 kundi la kawaida, 8 kundi la Krete. Ripoti ya mwisho ya 1999 iliuingiza pia moyo kushindwa katika hesabu ya matukio ya ziada, ukiwa umechanganywa na kiharusi na maumivu ya kifua. Haukuwa swali la jaribio, ulihesabiwa njiani.

Ili kuulinganisha mlo nje ya visiwa vyake ilihitajika mizani. Antonia Trichopoulou wa Athens alianza kuitengeneza katika miaka ya 1990, na baadaye ikawa na alama kutoka 0 hadi 9, kwa mboga, jamii ya kunde, matunda na njugu, nafaka, samaki, uwiano wa mafuta, nyama kidogo, maziwa kidogo, na pombe kwa kiasi. Mwaka 2003, kwa watu 22,043 wa Ugiriki, kila alama mbili za ziada ziliendana na upungufu wa vifo wa asilimia 25. Hiyo alama ya pombe imewatia wengi shaka, na kwa moyo unaoshindwa shaka hiyo ni ya msingi, maana pombe nyingi ni sumu ya msuli wa moyo. Watu wa Chefchaouen ni Waislamu, na mlo wao umo kwenye orodha ya UNESCO bila tone la mvinyo.

Kisha likaja jaribio la Hispania liitwalo PREDIMED, na hapa inafaa kutulia. Kuanzia 2003, Ramón Estruch wa Barcelona na Miguel Ángel Martínez-González wa Navarra na wenzao waliandikisha watu 7,447, wanaume kuanzia miaka 55 na wanawake kuanzia 60, ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo lakini walikuwa kwenye hatari kwa kisukari, presha, sigara au uzito. Kundi la kwanza lilipewa mafuta ya zeituni ya daraja la juu, lita moja kwa wiki kwa kaya, bure. La pili lilipewa gramu 30 za jozi, lozi na njugu nyingine kila siku. La tatu liliambiwa lipunguze mafuta. Mwaka 2011 jaribio lilisimamishwa, baada ya takriban miaka 4.8, kwa kuwa makundi mawili ya kwanza yalikuwa na mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo pungufu kwa karibu asilimia 30. Yalipochapishwa Februari 2013, magazeti ya dunia nzima yaliyatangaza.

Miaka minne baadaye, John Carlisle, daktari wa nusukaputi wa Torquay, Uingereza, alipitisha maelfu ya majaribio ya tiba kwenye hesabu ya kukagua kama kura zake zilipigwa kweli. PREDIMED ilinaswa. Waandishi walipofukua mafaili walikuta kwamba katika kaya kadhaa mke na mume waliwekwa kundi moja bila kura ya pili, na kwamba katika kituo kimoja kliniki nzima zilipewa mlo mmoja badala ya mtu mmoja mmoja kupigiwa kura yake. Juni 2018 waliiondoa makala yao na siku hiyohiyo wakachapisha nyingine, iliyohesabiwa upya. Idadi haikubadilika sana. Kauli ndiyo iliyopunguzwa makali. Wengine walilichukulia tukio hili kama aibu ya mlo wenyewe. Nadhani ni kinyume: utafiti uliokaguliwa kwa uadui na ukabaki umesimama, ingawa umechubuka, unaaminika zaidi ya ule ambao hakuna aliyejishughulisha kuukagua.

Katika mafaili hayohayo ndimo swali la moyo kushindwa lilipojibiwa kwa kura kwa mara ya kwanza. Makala ya 2017 ilihesabu watu 7,403 ambao hawakuwa na ugonjwa huo mwanzoni. Katika miaka yote ile waliougua walikuwa 94: 29 kundi la mafuta ya zeituni, 33 la njugu, 32 la ulinganisho. Ukirekebisha kwa ukubwa wa makundi, mafuta ya zeituni yanaonekana kupunguza hatari kwa karibu theluthi moja, lakini kwa wagonjwa wachache hivyo bahati tupu ingeweza kuzaa tofauti hiyo. Njugu hazikuonyesha kitu. Hapo ndipo ushahidi wa kura unapoishia: dalili nzuri, hukumu hakuna. Kipimo kimoja kilitia moyo, kwa watu 930 wa jaribio hilohilo. Baada ya mwaka mmoja, protini ambayo moyo huitoa unapoelemewa ilikuwa chini katika damu ya makundi yote mawili ya Mediterania kuliko ya kundi la ulinganisho.

Ushahidi wa kutazama ni mkubwa zaidi, na cha ajabu umetoka Uswidi, nchi ya siagi na samaki wa chumvi. Huko wanawake zaidi ya 30,000 na wanaume zaidi ya 37,000 waliulizwa wanavyokula, kisha majina yao yakafuatwa kwenye daftari la taifa la hospitali. Waliokula kwa karibu zaidi na mtindo wa Mediterania waliugua moyo kushindwa pungufu kwa asilimia 21 upande wa wanawake na 31 upande wa wanaume, wakilinganishwa na waliokula kinyume kabisa. Na wanawake wa Uswidi waliofuata mlo mwingine, ule wa DASH uliotungwa Marekani katika miaka ya 1990 kwa ajili ya kushusha presha, walikuwa na upungufu wa asilimia 37. Mlo huo hausemi lolote juu ya zeituni. Unasisitiza matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa, maziwa yasiyo na mafuta mengi na chumvi kidogo. Milo miwili tofauti ilifika karibu mahali pamoja, na hilo linanifanya niamini kwamba nguvu haiko kwenye chupa ya mafuta bali kwenye kilichoizunguka.

Kwa walioshaugua, habari ni nusu kwa nusu. Utafiti wa wagonjwa 991 waliofikishwa idara za dharura za Hispania wakiwa na moyo uliozidiwa, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba waliokuwa wakila Kimediterania hawakuishi muda mrefu zaidi ya wengine, lakini walirudi kulazwa mara chache zaidi katika mwaka uliofuata. Anayejua gharama ya kulazwa hatadharau hilo.

Sasa turudi kwenye njia ya chumvi, maana kwenye moyo unaoshindwa ndipo njia mbili zinapokutana. Utafiti wa mji wa Framingham, Massachusetts, ulionyesha mwaka 1996 kwamba katika watu 100 waliopata moyo kushindwa, 91 walikuwa na presha ya juu kabla. Sehemu ya faida ya mlo wa Mediterania inapitia hapo: katika PREDIMED watu 235 walivalishwa mashine ya kupima presha saa 24, na baada ya mwaka presha ya waliopewa mafuta ya zeituni na njugu ilikuwa imeshuka. Mboga, kunde na matunda huleta potasiamu, nayo huisaidia figo kutoa chumvi na mishipa kulegea. Lakini mlo wenyewe si wa chumvi kidogo. Zeituni hukaa kwenye maji ya chumvi, jibini ya Kigiriki vilevile, na mkate umo kila mlo. Anayeukopa mlo huu kwa ajili ya presha akumbuke hilo.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko kwao. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, wakati Ulaya na Marekani huu ni ugonjwa wa watu wa miaka 70 na zaidi. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, asilimia 45. Mishipa ya moyo iliyoziba, adui aliyemshughulisha Keys maisha yake yote, haikufika asilimia 8. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa 427 waliochunguzwa walitoa picha ileile: wastani wa miaka 55, na presha ikiongoza kwa asilimia 45. Na Kenya, moja ya nchi hizo tisa, ndiko Donnison hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Kilichotokea katikati kinajulikana kwa sehemu, kwa sababu kuna waliokikamata kikitokea. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Kenya na Uingereza waliwafuata vijana wa Kijaluo waliokuwa wakihama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Matokeo ya 1990 yalionyesha presha ya wahamiaji ikipanda ndani ya miezi michache tu, uzito ukipanda, chumvi katika mkojo ikiongezeka na potasiamu ikipungua. Hawakuwa wameanza kula siagi. Walikuwa wameacha mboga na vyakula vya shamba, wakaanza kula vya dukani.

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika mkoani Kilimanjaro, la vijana wa kiume 77. Wa kijijini waliokuwa wakila ndizi, maharage, mboga na nafaka za ulezi walipewa chakula cha mtindo wa kizungu kwa wiki mbili. Wa mjini walipelekwa upande wa pili, kwenye chakula cha asili. Wengine walikunywa mbege, pombe ya asili, kwa wiki moja. Damu za waliohamia chakula cha kizungu zilionyesha dalili za uvimbeuchungu wa ndani zikipanda, na za waliorudi kwenye chakula cha asili zikishuka, baadhi ya mabadiliko yakidumu wiki kadhaa. Jaribio hili ni dogo na halikupima moyo kushindwa, na mbege ya wiki moja haifuti ninayoyajua juu ya pombe. Lakini ni la kwetu, juu ya chakula cha kwetu, na lilichelewa kufanyika.

Keys alihamia Pioppi, kijiji cha pwani ya Cilento, akaishi humo miaka mingi, akafariki Novemba 2004 akiwa na umri wa miaka 100. Wenyeji wanamkumbuka kama ushahidi unaotembea, ingawa mtu mmoja si ushahidi. Hukumu yangu ni hii: mlo wa Mediterania una ushahidi mzuri kwa mshtuko wa moyo na kiharusi, ushahidi wa matumaini kwa moyo kushindwa, na hakuna kilichoonyesha kwamba unashinda maharage, mchicha, dagaa, ndizi na korosho zilizopikwa kwa chumvi kidogo. Kabla ya kununua chupa ya mafuta ya zeituni, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapime presha. Ikikutwa juu, meza dawa zako kila siku, hata siku unapojisikia mzima.